Zamu ya Kufua

Jengo letu, mtaa wa Majorna, Gothenburg,
lina kaya kumi na tisa na mashine mbili za kufulia,
moja inakoroma.
Ugomvi wetu wote huanzia huko chini.
Hjördis wa ghorofa ya pili kabandika kwa wino mwekundu:
NANI KAACHA SOKSI?
Novemba nzima soksi inaning'inia, haina wa kuidai.

Wakanitwika mimi kupanga zamu,
kwa kuwa nimestaafu, na kwa kuwa binti wa Ylva
alinifundisha lugha ya kompyuta isiyojua kufuta.
"Birger," aliniambia, "humu saba ni saba mpaka kiama.
Ukitaka nane, tengeneza nane. Saba mwache alivyo."
Nilicheka. Miaka arobaini bandarini
nimefuta ubao kwa mkono wa shati,
makontena yakiingia, yakitoka, chaki ikinijaa puani.

Nikaanza na kidogo. Soma faili.
Kata kila mstari penye mkato:
jina huku, siku kule, saa pembeni.
Na wasioandika saa?
Hao nikawapa kisanduku, huenda kina kitu, huenda kitupu,
na kabla sijakifungua lugha inanihoji:
kikiwa kitupu utafanyaje?
Swali la maana. Ningeulizwa hivyo ujanani,
ningevunja vichache.

Kitanzi hamna. Orodha ndefu unaishika kichwani,
unamhudumia wa kwanza,
waliobaki unawakabidhi kwa kazi ile ile,
nayo inamshika wa kwanza wao,
hadi pasibaki mtu.
Gunvor alimenya viazi hivyo hivyo,
hakuwahi kutazama ndoo imebaki na vingapi.

Gunvor. Zamu yake Jumanne, saa moja asubuhi.
Tangu Machi hakuna aliyethubutu kuigusa.

Jana usiku nikaandika chujio: wabaki wanaoishi humu.
Mstari mmoja, mfupi kuliko jina langu kamili.
Yakaingia majina thelathini na moja,
yakatoka thelathini.
Kahawa ikapoa. Tramu ya mwisho ikapita na taa zake.
Kisha nikaiita ile orodha ya awali, kwa jina lake,
na alikuwa pale pale: Gunvor, Jumanne, saa moja,
hata herufi haikusogea.
Chujio halikumtoa mtu.
Lilitengeneza orodha nyingine tu,
ya sisi wengine.

Mpaka hapo dunia haijaguswa bado.
Mambo ya dunia hukaa mlangoni, kwenye mstari wa mwisho:
chapisha.
Nikachapisha. Nikashuka ngazi na slipa zangu,
pini nne mdomoni.
Hjördis alikuwa anakunja mashuka. Akaisoma karatasi
kutoka juu, polepole,
kidole kikasimama Jumanne, penye nafasi nyeupe.
Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwake.
Hakuitoa.

Soksi ni yangu.
Hilo bado sijamwambia.