Nusu ya Dozi

Cheti kinaning'inia juu ya rafu ya panado,
kioo kina ufa tangu Nyamwamba ulipofurika.
Kila Januari Kabugho hukipangusa
akipiga hesabu kwa midomo:
ada ya leseni, nauli ya Fort Portal,
picha mbili, muhuri,
na soda ya kumpoza karani.

Basi dawa ya malaria imepanda.
Mia tano tu.

Ithungu anafungua fundo la leso,
anahesabu. Anahesabu tena.
"Nikatie nusu."

Mkasi unapita taratibu kati ya vidonge.
Kumi na viwili vinapanda Kilembe na homa yake,
kumi na viwili vinabaki rafuni
chini ya cheti halali.

Hivi, wizara itaviandika safu gani?
Mapato?