Nguo za Kuanua

Langasani, jioni, upepo umegeuka.
Mama Ndeshi anapaza sauti toka nyumba namba arobaini na mbili:
"Anueni! Wanachoma shamba la saba!"
Nasi mbio kambani, vibanio tumevibana menoni,
maana jivu la miwa halibishi hodi.
Huja jeusi, jepesi, limejikunja kama kope,
likatua juu ya shuka, juu ya uji wa mtoto,
juu ya daftari la Elisaria wa jirani
anayejifunza kuandika "sukari".
Ukilipuliza, linakwenda.
Ukilifuta, umeandika.

Moshi mjini wanauona moshi wetu kwa mbali,
wanasema, haya, msimu umeanza.

Alfajiri king'ora. Ntahondi wangu,
aliyekuja toka Kasulu na mkeka mmoja na barua ya shemeji,
anajifunga vitambaa miguuni, anachukua panga.
Ngwe yake inamngoja, bado ina joto la usiku.
"Kateni chini kabisa, usawa wa kisigino,
huko ndiko utamu uliko," husema nyapara,
ambaye mgongo wake umenyooka.

Jioni anarudi macho tu.
Maji ya kwanza meusi.
Ya pili ya kijivu.
Ya tatu, namtambua.

Dukani kwa Mkwizu sukari inapimwa robo,
inafungwa kwa karatasi ya daftari,
na daftari jingine, lile la chini ya meza, lina jina letu.
Usiniulize kwa nini bei ya hapa ni ile ile ya Same.
Nilimuuliza. Mkwizu alicheka mpaka akakohoa.

Kisha masika. Kikuletwa unafurika, trela zinazama,
kiwanda kinafumba mdomo
na mafundi wanaingia tumboni mwake na spana.
Hakuna jivu.
Nguo zinachukua siku tatu kukauka, lakini nyeupe!
Wiki nane nguo zimetakata,
na sufuria nazo zimetakata.
Ntahondi anakaa kizingitini ananoa panga,
analinoa, analinoa, hata limekonda.
Hatusemi kitu. Tunasikiliza jiwe.

Ndipo jioni moja ya Juni upepo ukageuka.
Mama Ndeshi akapaza sauti, watu mbio.
Nami nikaanua zote,
ila shuka moja, ile nyeupe ya harusi.
Nikasimama kando yake, mikono kifuani,
nikingoja kipande cha kwanza kishuke.