Shazia

Saa nane usiku, Naliendele. Umeme umerudi.
Gesi ya Msimbati inawaka miji ya mbali kwanza, kisha sisi.
Jokofu linakohoa, linashika pumzi, linaendelea.
Nazima taa ya dari,
naweka jicho kwenye hadubini.

Kiini cha seli ni bluu, kama nili ya kufulia.
Ndani yake vitone vya kijani:
kila kitone ni mahali uzi ulipokatika
na mafundi wamekwisha fika.
Nahesabu. Arobaini na viwili.
Hicho ni kioo cha nusu saa baada ya mionzi.

Mama, hujawahi kuniuliza kazi yangu ni nini.
Huuliza kama nimekula.
Basi nitakwambia sasa, maana umelala Mnyambe
na huwezi kunikatiza.

Tuna uzi wa herufi nne tu,
mita mbili, umekunjwa ndani ya kitu
ambacho kwake punje ya chumvi ni jumba.
Jua linauuma. Moshi unauuma.
Hata hewa tunayovuta inauuma,
maelfu kwa maelfu kila siku, katika kila seli,
na bado tunaamka, tunapiga mswaki.
Hilo ndilo lililonipeleka shule:
si kwa nini watu wanaugua,
bali kwa nini, siku nyingi, hatuugui.

Nilikuwa darasa la pili. Msimu wa mnada
ulikishonea chama magunia yaliyoliwa na panya,
shazia mkononi, katani mdomoni.
Lori likipiga honi, ulivuta kingo mbili,
ukashona juu kwa juu;
gunia lilitoka limekunjamana, fupi kidogo,
ila halivuji.
Lori likichelewa, ulitandika kando gunia zima, pacha wake,
ukafuata mfumo wake uzi kwa uzi
hadi tundu likasahau kwamba lilikuwa tundu.

Seli nazo ni hivyo hivyo.
Fundi wa haraka hupoteza herufi mbili tatu njiani.
Fundi mtulivu huitafuta nakala pacha,
huisoma, huandika upya.
Mimi nimetumia kurasa kumi na nne kusema hayo.

Kioo cha saa mbili: kumi na kimoja.
Kioo cha saa sita: vitatu.

Sampuli hazina majina. Hii ni namba 17,
mbanguaji, miaka thelathini na mmoja kazini.
Sipaswi kujua zaidi.
Lakini muuguzi ameandika pembeni ya fomu ya ridhaa,
kwa kalamu nyekundu: *dole gumba, doa tu, halina mistari.*
Nami nilikuwepo siku ya kuandikisha wapiga kura,
mashine ilipokukataa mara nne
kwa sababu mafuta ya ganda yalikuwa yamekula vidole vyako,
na karani, kijana wa juzi, akauliza:
"Sasa mama, wewe ni nani?"
Ulicheka hadi ukakaa chini.

Juu ya ngozi maandishi yamefutika.
Ndani, bado wanashona.

Hivyo vitatu sivielewi.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Seli isiyoziba ufa haijengi ukuta, mama,
inajenga mji,
usiku na mchana, bila ramani, bila diwani.
Au inajizima yenyewe, kimya, kwa ajili ya majirani.
Au fundi mtulivu alikuwa bado njiani
nilipozitia seli dawa ya kuzigandisha,
na kioo hiki hakitaniambia kamwe.

Naandika 3 kwenye safu ya 17.
Mkono hautetemeki; nimeuzoesha.

Alfajiri mlinzi, Nampembe, anagonga dirisha:
simu yangu inaita kwenye chaji, chumbani kwake.
"Umekula?"
Nimekula, nasema, na si kweli.
"Na vidole vyako, mama?"
"Vipo kumi," unajibu. "Unavihesabia nini?"