Kamera ya Mizani

Niliinunua Makoroboi, kwa kijana aliyeuza pia pasi na redio:
ndogo, yatosha kiganjani kama kipande cha sabuni ya mche,
rangi ya fedha, imechubuka pembe.
Kifuniko cha betri hakishiki,
nimekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
Betri zenyewe hazifiki saa nne.
Nazitoa, nazisugua kwenye kanga, nazirudisha,
nayo inaamka imesahau kila kitu,
inaniambia leo ni Januari mosi
ya mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano.
Sibishani nayo. Nabonyeza sawa, sawa, sawa.

Kazi yake ni moja: mshale.
Gunia la dagaa linapanda mizani pale Mwaloni,
Bulugu analiachia, linayumba, linatulia,
mimi napiga. Gunia, mshale, namba ya chaki.
Maana mzigo ukishavuka mpaka
kilo hupungua njiani, na simu hupigwa usiku.

Ila nayo ina taratibu zake. Unabonyeza,
inawaza.
Inawasha kijitaa chekundu, inameza mate,
na ulichokitaka kimeshapita.
Nyanzobe alijipanga, mkono kiunoni,
mdomo ameubana kama bahasha ya mchango;
picha ikatoka anamkimbiza kunguru,
kanga iko begani, kiatu kimoja kiko hewani,
na meno yote, hata lile lililokatika.
"Futa hiyo."
Nikasema nimefuta.

Kadi ikajaa.
Usiku nikakaa Igogo, juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
taa za Bugando kule juu,
kioo cha inchi mbili na nusu kinanimulika kidevu.
Gunia. Gunia. Gunia.
Kivuko cha Kamanga, kimekatwa mkia.
Gunia. Mama mkwe, amefumba macho.
Gunia. Nyanzobe na kunguru.
Nani afutwe? Dagaa wameshaliwa Bukavu na ugali wao,
mama mkwe bado anadai picha.
Basi nikaanza kufuta magunia.

Nikafika la kumi na nne.
Sijui kwa nini nilivuta karibu. Nikavuta tena,
mpaka namba zikawa vijiboksi.
Sitini na mbili. Safi.
Na chini, pembeni, pale nisipotazamaga,
kidole gumba cha mguu wa Bulugu
kimetulia juu ya bati la mizani
kama mgeni aliyealikwa.

La kumi na tatu, kidole.
La tisa, kidole.
La saba hakipo. Siku ile mvua ilinyesha,
alikanyaga kwa buti zima.

Bulugu, mtoto wa shangazi yangu!
Zile ndala nilimnunulia mimi.

Kitufe cha kufuta kina alama ya pipa la taka.
Nikakiwekea kidole.
Kidole juu ya kidole.
Mbwa wa jirani akabweka, akanyamaza,
na betri zikafa.

Asubuhi nikampigia Mama Nsimire.
"Kwako hupungua kilo ngapi?"
"Nne. Nne na nusu. Nilidhani ni jua la njiani, linawakausha zaidi."
Nilisikia watoto wake wakigombania kijiko.
Salio lilikuwa linakwisha.
"Si jua," nikasema.

Siku hizi Bulugu akishatua gunia
anasimama hatua mbili nyuma, visigino pamoja,
kama anayepigwa picha ya pasipoti.
Hatusemezani sana. Namlipa.
Napiga, inawaza, natazama pembeni kwanza,
mshale baadaye.

Juzi Nyanzobe amekuja na beseni lake,
anaulizia ile ya kunguru.
Nikamwambia mbona nilishaifuta.
Akavuta ndoo, akakaa.
"Mwongo wewe," akasema. "Weka betri."