Tone la Kaushio

Saa kumi na mbili kasoro, Kirumba.
Ziwa bado limejifunika ukungu hadi kidevuni
nami nimechuchumaa nyuma ya kiwanda cha minofu,
mtaro ukinitazama kwa jicho lake la mafuta.
Pampu inanguruma. Mpira unakunywa hewa.

Hewa ya huku haisafiri peke yake,
imebeba maji, kama abiria aliyebebeshwa mizigo ya watu.
Mashine yetu haiyawezi maji. Hulewa,
ikaona moshi pasipo moto.
Ndiyo sababu ya kaushio: bomba la kioo,
chembe za buluu zinazogeuka waridi
kadiri zinavyoshiba.

Skrini ikasema sita.
Sita ni hewa ya harusini. Nikaandika sita.

Ng'washi, akaangaye mapanki hatua thelathini kutoka hapo,
alikuja na mwiko mkononi, akachungulia.
"Sita ya nini?"
Ya amonia, nikasema. Iko chini ya kiwango.
Akavuta pumzi moja, kwa makusudi,
kama aonjaye chumvi ya mchuzi wa mwenzake,
akakohoa.
"Basi hiyo mashine yako ina mafua."

Sikumjibu. Nilikuwa nafungua mtego wa maji
chini ya kaushio, niumwage.
Matone manne, rangi ya chai iliyochujwa mara mbili,
yakanidondokea kidole gumba.

Lo!
Mtaro mzima ulikuwa mle:
vichwa vya sangara, mabuti ya zamu ya usiku,
Jumapili ile umeme ulipokatika na barafu ikayeyuka.

Amonia na maji ni chanda na pete.
Ukimfukuza mmoja, mwenzake habaki kuaga.
Tulikuwa tumemtoa shahidi nje
tukakihoji kiti chake.

Nikalivua kaushio. Nikauvika mpira blanketi la umeme
mvuke usije ukapoa, ukawa tone njiani.
Skrini ikasita kwenye sita,
kisha kumi na tisa,
thelathini na moja,
arobaini na nne.
Hata hiyo siiapii. Maji nayo yana uongo wake.

Ng'washi alisharudi kwenye karai,
mapanki yalikuwa yanaungua.

Ofisini, fomu ina safu ya saa, safu ya upepo,
safu ya namba moja tu.
Haina safu ya tone.
Nimeziandika zote mbili, zikibanana,
na pembeni, kwa penseli: *tazama kidole.*
Bwana Lubasha ataniuliza kidole cha nani.

Nimekiosha kwa limau mara tatu.
Gizani bado nakijua ni kipi.