Nukta ya Urambo

Kwenye kalenda ya sinodi kuna ramani.
Kule kusini nukta zimesongamana
kama ulezi uliomwagika mlangoni,
kijiji kwa kijiji, kijito kwa kijito,
hata mchoraji akakosa pa kuandika majina.
Huku magharibi, nyeupe.
Nyeupe tupu, halafu nukta moja, Urambo,
na hiyo niliitia mwenyewe kwa kalamu ya ghalani.

Mimi ni mpima tumbaku.
Najua mzigo ulioelemea upande.

Nukta yenyewe ni chumba nyuma ya cherehani ya Tusajigwe:
mabenchi mawili, ndoo, Biblia isiyo na jalada.
Tuko watano. Sita, Ambokile akiwa hana zamu.
Hatuna kinanda, wala hatukitaki.
Twaimba Zaburi kavukavu, kama tulivyolelewa,
na ng'ambo ya barabara Wamoraviani wanapuliza tarumbeta
mpaka bati letu linaitikia.
Siku moja, katikati ya Zaburi ya mia na thelathini,
tukajikuta tumeshaingia kwenye mwendo wao.
Tusajigwe akacheka. Nikamkunjia uso,
kisha nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Mchungaji huja mara mbili kwa mwaka
kwa njia ya Chunya, Rungwa, Sikonge,
siku mbili za vumbi na mbung'o,
Meza ya Bwana ndani ya begi la shule.
Mwaka jana masika yalikata barabara.
Miezi kumi na mmoja bila Meza.
Kalunde, jirani, akauliza dirishani:
"Kwani kwetu mkate umeisha?"
Kila jibu nililolipata lilikuwa na kiburi ndani yake.

Sasa imekuja barua, muhuri wa zambarau:
pasipo wazee wawili hapana baraza,
pasipo baraza hapana kanisa,
hivyo Urambo ihesabiwe kuwa ya muda.
Ya muda! Miaka kumi na tisa.
Mzee mwenzangu, Asangalwisye, alistaafu
akarudi kwenye migomba yake, kwenye baridi,
ambako wazee wa kanisa wanasukumana benchi la mbele.

Mume wa Kalunde ametundika mizinga ishirini,
msitu mmoja, miti ya aina moja, nta ileile.
Mitatu inavuma.
Kumi na saba, kimya.
Nikamwuliza ile mitupu ataifanyaje.
"Si iko juu," akasema,
akaendelea kuchuja asali kwa kitambaa cha chandarua.

Barua sijaijibu.
Jumapili hii Ambokile alikuwa zamu, na mvua.
Tulipofika sala ya pili mlango ukasukumwa:
kijana wa Kalunde, amelowa, tarumbeta kifuani
kama mtoto aliyefunikwa koti.
Akakaa benchi la nyuma, maji yakimchuruzika.
Hakupuliza. Hakuimba.
Alingoja mvua, au alingoja Amina, sijui.
Daftari la mahudhurio liko wazi mbele yangu,
nami niliyepima mizigo ya wilaya nzima
nimeshika kalamu, sijui nimweke upande gani.