Hodi, Mtaa wa Njegere

Hukupiga hodi mlangoni.
Ulianzia juu, kwenye ukingo wa bati:
tone moja, kimya, tone jingine,
kama mtu anayehesabu sarafu
akiogopa kuwaamsha watoto.
Nikadhani ni panya.

Miezi mitano nimeishi chini ya kifuniko cha sufuria.
Kijivu angani, kijivu dirishani, kijivu ndani ya kikombe.
Jua liliingia saa tatu kama karani mvivu,
saa tisa limeshavaa koti, limeondoka.
Kuni za ukutani zilikwisha, nikaanza zile za akiba.
Majivu nimeyatunza: ndoo nne.
Majira yote ya baridi yamekaa pale barazani,
mepesi, hayana la kusema.

Hapa kwetu Tartu, bondeni kando ya mto,
mitaa imebatizwa majina ya mboga:
Viazi, Maharagwe, na huu wangu wa Njegere.
Wageni husoma vibao wakacheka.
Lakini Januari jina halishibishi.
Niliutembea mtaa mzima, barafu imeng'ang'ania hadi vitasa,
sikuona kijani, hata cha rangi ya mlango.

Heldur, jirani yangu, sikumwona. Tulijuana kwa moshi.
Wake ukipanda, nasema: kumbe kumekucha kwake pia.
Wangu ukipanda, nadhani naye alisema hivyo.
Hatukuwa tukisalimiana tangu ugomvi wa Septemba,
wa mti wa tufaha:
tawi lake, matunda yangu,
au kinyume chake, nimeshasahau.

Jana asubuhi matone yakawa mchirizi,
na bomba lake la moshi lilikuwa tupu.
Nikasubiri. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe.
Kisha nikavaa viatu vya mpira juu ya soksi za kulalia,
nikapenya kwenye lile pengo la ua
ambalo niliapa kuliziba.

Nilimkuta amepiga magoti topeni,
pajama chini, koti la kazi juu, kichwa wazi.
Moyo ulinipasuka. "Heldur!"
Akainua kiganja bila kugeuka,
kama anayewanyamazisha watu karibu na kiota.
"Vitunguu saumu," akasema. "Hesabu."

Tukahesabu. Kumi na saba,
ncha za kijani zilizotoboa ardhi kama sindano nguo nzito,
kimoja kimejitwika jani bovu kichwani
na hakina habari.
Theluji bado ilikuwa imejikunyata nyuma ya banda,
chafu, imekosa namna ya kuaga.
Cha kumi na nane kilikuwa upande wangu.
Hakuna aliyetaja mpaka.

Basi karibu, msimu wa kuchipua.
Sikukuandalia kitu. Nina majivu yangu,
nina miche ya nyanya kwenye maboksi ya maziwa,
shingo ndefu, imeegemea kioo
kama abiria waliochoka kungoja.
Nina magoti mawili, moja linafanya kazi.
Mto umepanda, umeramba ngazi ya chini ya bustani,
umeondoka na glavu yangu ya kushoto.
Chukua. Hiyo ni ada.

Na usiniulize umechelewa kiasi gani;
nimekuwekea alama kwenye kalenda ya jikoni,
kwa kalamu ya risasi, nikafuta,
nikaweka tena, nikafuta,
hadi wiki ya mwisho ya Machi ikatoboka karatasi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Wewe hukungoja. Siku ya kwanza,
koti sijalivua, neno karibu halijanitoka,
ukanitia jembe mkononi mimi mwenyeji.
Nikalishusha. Juu, ardhi ilikuwa laini kama mkate.
Kiganja kimoja chini yake, chuma kikagonga barafu,
na mkono wote ukaniuma hadi begani.

Sawa. Nitarudi kesho.
Heldur amesema ana jembe zito zaidi.